Mchana Ambao Kamera Haikuniona

Barazani, Jumatatu asubuhi

Kwa Mkuu wa Kamera za Familia,
ambaye pia ni binti yangu wa kwanza.

Yah: KUPAKUA REKODI ZANGU UKIWA HUKO MBALI, NA KUNITUHUMU KWAZO

Mwanangu mpendwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na usihusike nacho huku umesimama jikoni. Kaa kitako usome. Mimi sijambo. Goti lililopasuliwa linaendelea vizuri. Kinachouma ni kitu kingine, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Ulipoleta fundi akafunga kamera mbili, moja barazani na moja langoni, ulisema ni kwa ajili ya wezi. Nikakubali. Huu ni mwezi wa pili na hajapakuliwa mwizi hata mmoja. Ninayepakuliwa ni mimi. Kila Jumapili unakaa kwako, safari ya kutwa nzima kutoka hapa, unashusha rekodi za wiki kwenye simu yako, kisha unazimwaga kwenye kundi la familia. Jumapili iliyopita uliandika kwamba kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana sionekani popote, siku tano mfululizo. Kwamba natoroka ilhali daktari amesema nipumzike nyumbani. Na kwamba ikithibitika, utakuja kunichukua nikaishi kwako, ghorofa ya tano. Mtu aliyesimamia mitihani miaka thelathini na mmoja hawezi kunyamazia tuhuma kama hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi alitueleza wote wawili kwamba kifaa hurekodi pale tu kitu kinaposogea. Kisiposogea kitu, nacho kinalala. Ikifika saa nane mimi hukaa kwenye kiti changu na kutulia, kama daktari alivyoagiza. Nikitulia, kamera inalala. Ikilala, hakuna cha kupakua. Kwa hiyo kila unapokosa kuniona, umepata ushahidi wa utii wangu. Na kamera ya langoni je, ilinionyesha nikitoka? Haikunionyesha. Asiyeonekana akitoka, yumo ndani. Hata mtahiniwa aliyechelewa kuingia angelipata jibu hilo.

2. Umeleta kipande cha Alhamisi, sekunde kumi na mbili, saa tisa kamili, paka wa jirani anapita barazani na nyuma yake kiti ni kitupu. Mwanangu, kiti hakikuwa kitupu. Nilikuwa nimetulia kupita kiasi. Katika vyumba vya mitihani nilikuwa natulia mpaka watahiniwa wanasahau kuwa nimo, wanatoa vikaratasi soksini mbele ya macho yangu. Ikiwa vijana wenye akili timamu na hofu ya kukamatwa walishindwa kuniona, kifaa cha plastiki kitaniona vipi? Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini waliosema hivyo hawakuwa wakizungumzia kamera.

3. Shangazi yako. Huyu ni dada yangu wa damu na namheshimu, ila simu yake yenyewe hujibiwa na mjukuu. Amekikuza kipande cha paka, akaona kivuli ukutani, akaandika kwenye kundi kwamba kaka amepata mchumba na kwamba yeye alijua tangu zamani. Watu kumi na saba wamempongeza mchumba huyo. Hilo limeniuma. Tangu mama yako atutoke sina mwanamke mwingine, na kama ningekuwa naye nisingemficha nyuma ya paka.

4. Miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kumfukuza mtahiniwa chumbani huku mimi nikiwa nyumbani nimejilaza kochini. Nilikwenda. Nilisimama. Nilinusa hata harufu ya wino. Wewe unanihukumu ukiwa huko, tena kwa vipande vya sekunde kumi na mbili, halafu hukumu yenyewe ni ghorofa ya tano. Nakuambia wazi, sitaki kuhamia huko. Nawapenda nyote, lakini huko sitakuwa na mtu ninayemjua njiani, na lifti yenu hufanya kazi siku inayotaka yenyewe.

5. Kwa kuwa haki haina upande mmoja, naomba kamera mbili zifungwe sebuleni kwako, na nipewe namba ya siri. Nitakuwa napakua Jumamosi, ili rekodi zako zitangulie zangu. Mume wako asiwe na wasiwasi. Sitatuma kwenye kundi ila vipande ambavyo hayumo, na kila kipande ambacho hayumo nitaomba aeleze alikuwa wapi.

6. Mwisho, naomba kamera ya barazani iandikiwe barua ya onyo kwa uzembe kazini, nakala kwa fundi. Akiba ya rekodi za mchana ifutwe yote, maana rekodi ya mtu ambaye hakusogea ni sawa na karatasi ya majibu iliyorudishwa tupu. Haiongezewi maksi, wala mtu hashtakiwi kwayo.

Nategemea busara yako uliyoirithi kwangu. Nisalimie mkwe wangu, wajukuu wote wawili, na yule jirani wa ghorofa ya nne anayegonga dari kwa ufagio. Shangazi yako naye msalimie, ingawa hastahili.

Ni mimi baba yako, niliyetulia,
Msimamizi Mkuu wa Mitihani (mstaafu)

Tanbihi: Kwa kuwa wewe unavijua vifaa hivi kuliko mimi, naomba unisaidie jambo dogo la kitaalamu. Mtu atembee taratibu kiasi gani ndipo kamera isiamke? Kwa mwendo wangu wa sasa natoka barazani hadi nje ya lango kwa dakika arobaini, na kurudi vivyo hivyo, kwa hiyo nabaki na dakika arobaini tu za kucheza drafti kibandani kwa fundi viatu. Haitoshi. Kinyozi ananifunga kila siku, muuza magazeti ananifunga kila siku, na sijui kitu kingine ninachokipenda kama hicho. Jibu kwa barua. Usijibu kwenye kundi.