Kohozi la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimekohoa tena mbele ya mteja. Alikuja kuchukua godoro lake la sufi, akalitazama, akanitazama mimi, akasema atapita kesho. Hapiti huyo! Nani atalalia godoro la fundi anayekohoa? Mke wangu amechoka, ameniandikisha kwenye utafiti wa kikohozi sugu pale kliniki. Sikuulizwa. Shemeji, mdogo wake wa kiume tunayeishi naye, amecheka mpaka akashika ukuta. Eti kifua changu kinanguruma kama trekta bovu. Yeye kila asubuhi anaruka kamba uani, kifua wazi, ili majirani wamwone. Amekonda siku hizi. Anasema ni mazoezi.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Daktari mtafiti ni mama mwenye miwani na sauti ya taratibu. Wanataka kujua kwa nini baadhi yetu tunakohoa miaka na miaka: vijidudu, uvimbe kwenye njia za hewa, au mzio, yaani mwili kugombana na kitu ambacho hakijaukosea. Namjua mtu wa namna hiyo, nimemwoa. Nimepigwa picha ya kifua, kisha nikapewa kikopo. Kesho asubuhi nilete kohozi la kutoka ndani kabisa, si mate. Nikauliza wanatafuta nini humo. Kifua kikuu! Daktari akasema kinatibika vizuri, lakini mimi nilikuwa nimeshajizika, nimeshaona karakana imefungwa na magodoro yangu yanachomwa moto.

Jumatano, 5 Machi
Mimi si mjinga. Alfajiri nimemfuata shemeji bombani. Nikamwambia watafiti wanatafuta kohozi la mwanamume mwenye afya kuliko wote mtaani, liwe kielelezo kwa wagonjwa. Akavimba kichwa palepale. Alijikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaniuliza kama wanahitaji kikopo cha pili. Nimepeleka kliniki nikipiga mluzi. Usiku wa leo nitalala.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Daktari ameniita, amefunga mlango. Kwenye kohozi langu kuna vijidudu vya kifua kikuu. Anachoshangaa ni picha: mapafu yangu ni safi. Eti mimi ni mgonjwa wa ajabu, na wenzake wangependa kuniona. Nianze dawa, na nyumba nzima ije kupimwa. Nikaitikia tu kama mwanasesere. Njiani ndipo nikakumbuka kwamba lile kohozi si langu. Nikafurahi sana, mpaka nilipofika kona ya duka. Pale nikasimama.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango mpya: nyumba nzima ipimwe, shemeji agundulike mwenyewe, mimi nisitajwe popote. Safi kabisa! Nimemwambia mke wangu. Yeye kakubali. Shemeji kakataa katakata. Mtu mzima hapimwi kwa kuwa shemeji yake anakohoa, na kohozi lake si limeshachaguliwa kuwa kielelezo? Akamnyanyua binti yangu mdogo, akamrusha juu, akamdaka, akamchekea usoni kwa karibu. Kisha akakohoa, kidogo tu, kwa pembeni. Chai ikanishinda. Simpendi sana shemeji, lakini si kiasi hicho. Na mtoto ni wangu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia daktari yote. Nilianza kwa kumlaumu mke wangu, nikahamia kwa watengeneza vikopo, mwishowe nikaishiwa. Daktari akavua miwani. Akasema kwa sauti ileile ya taratibu kwamba nimeharibu kazi ya watu wengi, na kwamba bila kusema leo ningemzika shemeji. Natamani angefoka. Mchana muuguzi akaja nyumbani kumpima shemeji. Nikakiri mbele ya shemeji, nikiwa nyuma ya mke wangu kwa usalama.

Ijumaa, 14 Machi
Nashusha pumzi! Shemeji ameanza dawa, na wanasema amewahi, atapona kabisa. Mke wangu na binti yangu hawana kitu. Nilimbeba mtoto kutoka kliniki mpaka nyumbani, sikutaka kumweka chini. Kohozi langu halisi ni safi. Nina pumu inayotokana na mzio, na adui ni vumbi la sufi. Nimelia kwenye kiti cha wagonjwa, mwanamume mzima, muuguzi akaniletea maji. Shemeji naye hanuni. Anawasimulia majirani kwamba kohozi lake liliwachanganya madaktari, na kwamba langu hakuna aliyelishangaa.

Jumapili, 16 Machi
Daktari kanirudisha kwenye utafiti, kwa sharti la kuvaa barakoa karakanani. Nimepewa kifaa cha kupima pumzi: nakipuliza kila asubuhi, kinahifadhi namba chenyewe. Namba zikipanda, naendelea na sufi. Zisipopanda, niache ufundi. Nimejaribu leo. Namba ilipanda kidogo, ikakwama. Nikawaza sana. Kumbe jirani wa nyuma ni mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi! Nimekwenda kumwambia watafiti wanatafuta mwanamume mwenye pumzi kuliko wote mtaani. Alikubali kabla sijamaliza. Anaanza kesho asubuhi, na daktari atafurahi sana kuona ninavyopona.