Suruali Iliyokataa Kuchutama

Ambokile na Anyosisye, ndugu zangu wa benchi la mbele,

Leo nimeadhirika. Sijui nianze na lipi, kwa hiyo nitaanza na suruali.

Mnaikumbuka ile yangu nyeusi? Ile ya mwaka tuliomaliza darasa la nane, ambayo fundi aliipunguza miguu mara tatu, mara ya nne akakataa, akasema hiyo sasa si suruali, ni soksi. Bado ninayo. Imelala sandukuni hapa Sumbawanga miaka yote hii, chini ya mashati ya ofisini, pamoja na viatu vyangu vya ncha na kitana. Mtu mzima, karani wa serikali, naficha suruali kama wengine wanavyoficha gongo. (Msiniulize kwa nini sikuichoma. Najua na nyinyi mmeficha zenu.)

Basi, Ijumaa gari la sinema lilikuja hapa mtaani kwangu, Mazwi. Tukaonyeshwa filamu ya samadi, kisha filamu ya kijiji ambako kila mtu analima huku anatabasamu. Watu walishaanza kunyanyuka, ndipo yule bwana wa mtambo akatia kipande cha filamu kuukuu alichokuwa nacho garini, ili tu atufurahishe. Jamani! Makoti ya ngozi. Nywele zimepakwa mafuta zikasimama juu. Wasichana wenye sketi pana, vijana wanawazungusha mpaka unaona kizunguzungu wewe uliyekaa, gitaa linalia. Kilienda dakika kumi, kikakatika.

Watu walicheka sana. Mzee mmoja aliuliza kama wale vijana hawana mashamba kwao. Mimi nilikuwa nalia. (Nilisema ni moshi wa gari.) Nilituona sisi watatu pale Mbeya, shingo juu, Anyosisye anatafuna njiti ya kiberiti kwa sababu yule mkorofi wa kwenye filamu alitafuna, Ambokile anajifunza kutembea upya kila tukitoka ukumbini. Niliwakumbuka mno. Nikalala nikiwaza suruali.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Restituta, maana bila yeye hii isingekuwa aibu, ingekuwa upuuzi wangu mwenyewe. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa, Mfipa wa Chala, na nataka kumwoa. Mshenga nimeshatuma. Lilibaki jambo moja, baba yake anione kwa macho yake. Alikuwa aje Jumapili ijayo.

Resti alinionya mapema kwamba mzee haulizi mshahara wala kabila. Anatazama namna unavyomwamkia. Hapa Ufipa mkubwa hapewi mkono umesimama wima. Unachutama mpaka chini, unapiga makofi taratibu, macho chini, wala huinuki mpaka uambiwe. Mwaka jana bwana mifugo mmoja alikwenda kumposa Resti, akamnyooshea mzee mkono. Akapewa uji, akashukuriwa kwa kuja, na habari yake ikaishia hapo.

Kwa hiyo wiki tatu nzima Resti amenifundisha kuchutama, uani kwangu, majirani wakitazama bure. Magoti yangu yamezoea kiti cha ofisi. Nimeanguka mbele, nimeanguka nyuma. Lakini juzi alinipa alama saba kwa kumi, na mwalimu yule hagawi alama ovyo. Nilijiona nimeshaoa.

Leo nimetoka kanisani, jua zuri, upepo wa baridi kama kawaida ya huku, sina kazi. Nikafunga mlango. Nikafungua sanduku.

Suruali ilifika mapajani ikasimama. Nikalala kitandani, nikaingiza tumbo ndani, nikavuta zipu kwa mikono miwili. Ikapanda. Kuinuka sasa ilibidi nijiviringishe mpaka ukingoni na kushuka nikiwa nimenyooka. Lakini nilipojiona kwenye kioo, wenzangu, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikapaka nywele mafuta nikazisimamisha. Nikaweka santuri kwenye gramafoni ya betri. Nikacheza peke yangu, na nilikuwa na furaha kweli, siwafichi.

(Na mjue pia kwamba mwezi uliopita ni mimi niliyewasomea vijana wa mtaa huu tangazo la kukataza suruali za kubana. Nilisoma kwa sauti nzito.)

Ikapigwa hodi. Resti alikuwa ameahidi kupita baada ya misa, nikaona leo ndiyo leo, ngoja aone mambo ya Mbeya. Nikafungua mlango huku nimezunguka kwa kisigino kimoja, kitana mkononi, miguu nimeitanua, kidole nimekinyoosha mbele.

Kidole kilikuwa kinamwelekea mzee mwenye koti jeusi na fimbo. Ubavuni kwake mama mmoja mnene, kapu la unga wa ulezi kichwani. Nyuma yao Resti, kiganja mdomoni. Baadaye nilielewa kwamba lori la wiki ijayo halikuwa na uhakika, ndiyo maana baba na shangazi yake wakapanda la leo.

Santuri inaendelea. Mzee ananitazama, anasubiri.

Nikashuka. Nikafika nusu. Suruali ikagoma. Nikabaki hewani, kama mtu aliyevutiwa kiti akiwa bado hajakaa, nikaanza kupiga makofi hapo hapo katikati, nikitumaini itahesabiwa. Haikuhesabiwa. Mzee hakuitikia. Nikajaribu kwa ubavu. Nikajaribu mguu mmoja mbele. Shangazi akakohoa. Nikamwona Resti. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama baba yake namna alivyomtazama, nadhani, siku ile ya bwana mifugo. Niliogopa, jamani. Niliogopa kumpoteza yule mwanamke kwa sababu ya kitambaa. Nikafumba macho, nikajiachia kwa uzito wangu wote.

Ilipasuka kuanzia kiunoni nyuma mpaka karibu na goti. Gitaa lenyewe halikufua dafu mbele ya sauti ile. Lakini nilikuwa chini! Nimechutama vizuri kuliko siku zote, na mgongo wangu ulielekea ndani, wao wako nje. Nikapiga makofi. Mzee akaitikia.

Wakaingia. Nikageuka nao hivyo hivyo nimechutama, hatua ndogo ndogo za bata, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mzee akaniambia nikae kwenye kiti. Nikamjibu kwamba siwezi kukaa kiti mbele yake. Akaniambia tena. Nikapiga makofi, nikakataa tena, kwa unyenyekevu mkubwa. Shangazi akasema Kifipa fulani, sauti imelegea. Resti alinitazama kwa fahari kiasi kwamba nilitamani kufa.

Wakauliza habari za wazazi. Nikajibu, makofi. Wakauliza habari za kazi. Makofi. Upepo unapita chini ya mlango unanijia moja kwa moja kule kusikotakiwa. Miguu ilikufa ganzi, nikasahau kama ninayo. Saa nzima ikapita. Mwisho mzee akajifuta uso, akasema, nanyi sikilizeni:

"Vijana wetu wenyewe siku hizi wanachutama mara moja wanaruka. Wewe wa Mbeya umekaa chini tangu tuingie. Sisi tumekubali."

Ningeimba kama ningeweza kupumua. Nimempata Restituta! Ndipo mzee akasimama, akachukua fimbo yake.

"Haya, inuka mwanangu, utusindikize."

Mgeni haachwi mlangoni, hilo mnalijua. Nikasema watangulie, nitawafuata. Wakasimama wakinisubiri. Nikasema nina kitu kidogo cha kumalizia. (Kitu gani, nimechutama ukutani?) Shangazi akanihurumia, akajua ni ganzi, akaja akanishika kwapani. Ana nguvu za mwanamke wa jembe. Akaninyanyua mzima mzima, na katika kuninyanyua akanigeuza.

Ndani nilikuwa nimevaa bukta ya kushonesha, ya kitambaa cha mfuko wa unga wa ngano. Maandishi ya kiwanda yapo pale pale mnapofikiria.

Santuri ilikuwa imeshakwisha. Resti akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Shangazi akafungua khanga yake ya juu, akanizungushia kiunoni, akakaza fundo, kama anavyofungwa mtoto aliyejichafua. Nikamwambia mzee ukweli wote, macho chini. Kwamba sikukaa vile kwa adabu tu, nilikuwa nasitiri. Kwamba kama wanataka kurudisha neno lao, nitaelewa.

Mzee alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu, bila haraka.

"Nilikuona dirishani kabla sijapiga hodi," akasema. "Nikamwambia dada yangu, huyu kwa suruali ile hawezi kuchutama. Nilitaka nione kama utajaribu."

Kisha akatoka nje, na kule nje nikamsikia anacheka mpaka anashika mti.

Nimewasindikiza hadi wanakopandia malori, tumekatiza Mazwi yote mchana kweupe, mimi katikati yao na khanga ya shangazi. Harusi ni baada ya mavuno, na nyinyi wawili ndio wasimamizi wangu. Nawaomba kitu kimoja tu. Chekeni huko huko Mbeya mpaka mmalize, ndipo mpande lori.

Ndugu yenu,
Lusajo