Theluji Juu ya Paa la Ruwais

Ijumaa, 9 Januari 2026
Picha nyingine kutoka Kanada. Mke wangu Euphrasia amesimama katika bustani ya binti yetu, Keziah, theluji magotini. Anasema mizizi ya mawaridi imelala salama chini yake, kama iliyofunikwa blanketi. Viza ya kuja kwangu Jeddah anayo. Lakini sasa anafikiria kubaki huko hadi theluji iyeyuke, aone kitakachochipua. Mwaka na nusu sijamwona! Kwangu kuna nini? Makopo ya mawaridi juu ya paa, hapa mtaani Ruwais, na jirani yangu Hashim, Mzanzibari mwenye majivuno ya mrehani wake.
Nimeamua. Theluji ataipata hapahapa.

Jumamosi, 10 Januari
Nimenunua magunia mawili ya barafu iliyosagwa kwa wauza samaki. Nimeyapandisha mwenyewe. Mgongo! Nimefunika makopo yote, nikapiga picha upesi na kumtumia Euphrasia. Jua la Jeddah halijui kwamba ni Januari.
Hashim akapanda, akanusa. “Mwalimu, mbona theluji yako yanuka vibua?” Nikamwambia asiyewahi kuiona theluji anyamaze. Akasema hata mimi sijawahi. Si hoja.
Kisha paka. Wote wa mtaa! Wamefukua hadi mizizi. Hakuna waridi lililosalia.

Jumapili, 11 Januari
Euphrasia amejibu kwa ujumbe wa sauti. Amecheka hadi akakohoa. Anauliza paka wale wawili pembeni mwa picha wanatafuta nini. Sikuwaona! Kisha sauti ikashuka. Akasema haupendi ule weupe. Anapenda kujua kwamba chini yake kuna kitu hai kinachongoja. “Na wewe, Baba Keziah, wangoja?”
Nimeisikiliza tena na tena. Nimemjibu kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Jumanne, 13 Januari
Keziah anasema mama yake ataamua Ijumaa. Nimetafakari. Kosa lilikuwa barafu.
Nimemwomba Hashim mrehani wake. Amesita, kisha akanipa kwa ajili ya Euphrasia. “Utie maji tu, Mwalimu. Usifanye jengine.” Ushauri sikuuomba.
Nimeumwagia chumvi kilo kumi, hadi shingoni. Nyeupe! Hainuki. Haiyeyuki juani. Paka wameigusa, wakaondoka.
Nimemtumia Euphrasia picha. Nimeandika: chini yake kuna kitu hai, kinakungoja. Njoo ukione kikichipua.