Kamanda na Ua wa Mama Brightness

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Kamanda kazimika tena. Mbele ya soko, mchana kweupe, na watu wa Babati leo walikuwa na muda wa kutosha kutazama. Sikubabaika. Nilishuka taratibu, nikatoa matawi nyuma ya gari, nikayatandaza barabarani ili wenye magari wajue kuna mwenzao amekwama. Siku hizi natembea na matawi yangu. Dereva aliyejipanga hajitafutii majani njiani.

Kamanda ni Landrova. Si kijana, lakini ana heshima zake. Stata ilishakufa, kwa hiyo huwaka kwa kusukumwa au kwa mteremko. Mimi naona ni afadhali, kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

Bushiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoka barazani kwake kunipa pole. Akauliza aliyefariki ni nani, maana anaona watu wengi wanatembea nyuma ya gari. Wasukumaji wangu wakacheka mpaka wakaacha kusukuma. Mtu akinunua Toyota mpya adabu huwa inamtoka.

Nyumbani Bagara, lawama. Matawi nayakata kwenye ua aliopanda mke wangu, Hilaria, ambaye mtaa mzima humwita Mama Brightness. Anasema pengo limekuwa lango, mbuzi wa Aniceti jirani wanaingia na kutoka kama wapangaji, na mchicha wake umebaki vijiti. Nimeliangalia pengo. Ni la kawaida.

Jumanne, 2 Septemba

Hilaria ametoa uamuzi. Kamanda alinunuliwa kwa madume ya ng'ombe aliyopewa na baba yake, kwa hiyo nilimsikiliza nimesimama.

Jumamosi ni sendofu ya mdogo wake, Xaveria, sherehe ya kumuaga kabla ya kuolewa, kwao Dareda. Kamanda atupeleke na kuturudisha bila tawi hata moja. Akiweza, anabaki, na hatasemwa tena. Akishindwa, anakwenda kwa Bushiri, anayeitaka injini kwa ajili ya mashine ya kusaga anayofungua Maisaka.

Kamanda asage mahindi! Ugali nikausukuma pembeni.

Nampenda gari huyu, niandike ukweli. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa, mji umejaa wakubwa na magari yao. Nikiwa kwa miguu, mimi ni mtu wa kupigiwa honi. Nikiwa na Kamanda, wa kupiga honi ni mimi. Honi yenyewe haifanyi kazi, lakini watu hawajui.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata mpango. Nimecheka peke yangu chooni.

Tawi linawekwa pale gari linapokaa barabarani. Likisukumwa hapohapo kabla halijasimama sawasawa, tawi la nini? Kwa hiyo kinachotakiwa si fundi. Ni abiria wenye miguu. Nimekwenda Nakwa kwa Sele na vijana wake wanaofyatua matofali. Mapaja yao ni magogo. Nimewaahidi pilau, wamekubali kabla sijamaliza sentensi.

Kikwazo ni nafasi. Shangazi wawili wa Hilaria walikuwa waje na sisi, mmoja anatembelea fimbo. Nimewaambia basi ni laini zaidi kwa mifupa.

Kwa Hilaria nimesema hao ni ndugu zangu wa upande wa baba, wanataka kuwafahamu wakwe. Sikutegemea alivyopokea. Alisema miaka yote hii alikuwa akiona haya, shughuli za kwao ndugu zangu hawaonekani, na sasa wanakuja wengi hivyo. Akaenda kuazima vitenge vya kutandika kwenye viti vya gari. Anaimba jikoni. Vizuri sana.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempitisha Sele kwenye ukoo. Yeye ni baba mdogo, wengine mabinamu. Kwa tahadhari nimewaambia wasiseme mengi.

Bushiri amenikuta nikiweka maji kwenye rejeta. Ameshaandaa zege la kufungia injini, akaniomba nisiichoshe sana huko njiani. Nimemjibu zege hilo atalianikia mihogo.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nimechoka, na kuna mchele ndani ya sikio langu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mabinamu walitusukuma kutoka uani, na uani si barabara. Baada ya hapo Kamanda alinguruma mpaka Dareda bila kukohoa. Hilaria akanishika bega. Mabinamu walikaa bure kabisa. Niliwaza hata kuwakata pilau.

Kwa wakwe niliegesha juu ya mteremko, nyuma ya jiko la wapishi, ili kuondoka kuwe rahisi. Gia nikaiacha imeingia na swichi imewashwa, tayari. Breki ya mkono ya Kamanda ni pambo, kwa hiyo nikaweka mawe makubwa mbele ya magurudumu. Mazuri, bapa juu na chini. Nilijisifu kwa kuyachagua.

Ukafika utambulisho. Mshereheshaji akaita upande wa shemeji kutoka Babati. Nikainuka na ukoo wangu mpya. Nikamtaja Sele, baba yangu mdogo. Watu wakapiga makofi, mama mkwe akapiga vigelegele, Hilaria akainua kichwa kama mtu aliyepewa zawadi. Hapo mshereheshaji, mtu asiye na kazi, akampa Sele kipaza sauti awasalimie wakwe.

Sele ni mkweli, jambo ambalo sikulichunguza mapema.

“Shikamooni wazee,” akasema. “Sisi ni mafundi matofali wa Nakwa. Tumeitwa kusukuma gari. Bado halijazimika, kwa hiyo mtuwie radhi, tunakula kwanza.”

Hilaria alitazama chini. Nilifungua mdomo kueleza kwamba hata mafundi matofali wana baba, na labda ukifuatilia sana, lakini nikasikia mngurumo ninaoujua.

Kumbe wapishi walipungukiwa mafiga. Sufuria la tatu la pilau halikuwa na pa kukaa. Wakaangaza, wakaona mawe bapa yamekaa tu mbele ya gari.

Kamanda akateremka na gia yake, akawaka mwenyewe. Mwenyewe! Bila mtu! Akapita juu ya moto, akalibeba sufuria, akaingia ukumbini katikati ya meza ya wazee wa bwana harusi na maspika. Mabinamu wakaruka, wakanyanyua wazee na viti vyao wakawaweka pembeni. Hakuna aliyeumia, na hilo ni kwa sababu ya uchaguzi wangu wa abiria. Kamanda akaondoka na turubai, akamalizia kwenye lundo la mabua ya ng'ombe wa baba mkwe. Ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa, alikuwa amekaa juu ya boneti, anawatazama wageni.

Nilipofika, injini ilikuwa inanguruma safi. Nikawapungia watu mkono kuwatoa wasiwasi. Hakuna aliyenipungia.

Tumerudi Bagara bila kuzimika, bila tawi. Kwa hesabu yangu tumeshinda.

Jumapili, 7 Septemba

Hilaria anasema tumeshindwa. Yule ndafu alikuwa na majani mdomoni, na Kamanda alipita nayo mbele ya ukoo mzima. Nimemwambia yale ni mapambo. Amejibu kwamba aliyaona vizuri, maana ndafu alikuwa akimkodolea macho mama yake.

Kisha akasema jambo lingine, kwa sauti ya chini. Gari si kitu. Amezoea gari. Kinachomuuma ni kwamba aliamini ndugu zangu wamekuja kwao. Aliwatandikia vitenge.

Hapo niliona aibu ya kweli. Nikatoka nje, nikakaa ndani ya Kamanda mpaka ikapungua.

Jumatatu, 8 Septemba

Kamanda amekwenda. Bushiri ametoa mbuzi wa kumfidia baba mkwe ndafu wake, na waya wa kuzungushia nyumba yetu yote. Mafundi wameufunga leoleo. Mbuzi wa Aniceti wamesimama nje wakishangaa. Hilaria ameotesha mchicha upya na kunipikia maharage ya nazi ninayoyapenda. Sikustahili. Nimekula yote.

Nimeapa kwamba gari basi. Nimeapa kwa sauti, naye amesikia.

Jumatano, 17 Septemba

Bushiri amekuja mwenyewe, jasho linamtoka. Injini ameifunga kwenye zege Maisaka, wanawake wamepanga foleni na mahindi yao, nayo haiwaki. Akaniuliza mimi huwa naiwashaje. Nikamwambia ukweli: inasukumwa. Akaniuliza zege linasukumwa vipi.

Hataki kuiona tena. Anasema nikamrudishie waya wake wote, nichukue Kamanda mzima, injini na bodi, nisipite tena mbele ya duka lake.

Nimelitafakari kwa uzito unaostahili. Hilaria yuko kwenye sala za jumuiya mpaka jioni. Waya si mgumu kufungua ukianzia langoni. Na kiapo kilihusu gari, wakati Kamanda kwa sasa ni vipande.

Tena nimeona kasoro kubwa ya waya, ambayo nitamweleza Hilaria akirudi. Huwezi kuukata matawi. Nimeshanunua miche ya ua, ile inayokua haraka.