Mkono Ulioingia Mwituni

Jumatatu, 4 Agosti

Nguruwe! Mimi! Palma nzima inaijua sauti yangu. Nani hutangaza nyavu mpya bazarini kwa megafone? Cassamo. Nani alitangaza chanjo mpaka kijiji cha Mute, kina mama wakatoka majumbani na watoto mgongoni? Cassamo huyu huyu. Leo dona Vânia, aliyekuja na kamera zake kutoka Maputo kutengeneza filamu za watoto, kagawa sauti za wanyama wa mwituni, na mimi kanipa nguruwe. Eti nina mkoromo wa asili.

Sungura kapewa shemeji yangu Aiuba. Aiuba! Juzi tu alikuwa akimenya viazi jikoni kwenye kambi ya gesi kule Afungi, mkataba ukaisha. Sauti yake ni ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kuna jambo hapa. Asubuhi nilimwona akimbebea dona Vânia begi.

Tatizo kubwa ni binti yangu Zuleica. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba mimi ndiye Sungura, maana nilikuwa na uhakika. Akawaambia darasa zima. Mwalimu wake, professora Judite, naye kasikia. Filamu ikionyeshwa na Sungura akafungua kinywa akawa Aiuba, sura yangu nitaiweka wapi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa maalimu wa msikiti. Nikamweleza kwa huzuni kwamba nalazimishwa kuwa nguruwe. Nilitumaini atakataza, nami nimpelekee dona Vânia neno lake. Akauliza huyo nguruwe katengenezwa kwa nini. Nikasema sponji, waya na kitambaa cha suruali kuukuu. Maalimu akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema mradi simli, hakuna neno.

Maalimu hacheki ovyo. Nani kanitangulia? Pembeni yake palikuwa na sahani ya mandazi. Mandazi yale nayajua, ni ya mama mkwe, na mama mkwe ndiye mama yake Aiuba. Ukoo mzima umo!

Usiku huu wakati wa kula mama mkwe kanisogeza pembeni ya mkeka. Akasema nguruwe hali na watu, kisha akasema ananitania. Mke wangu Nazira akacheka. Mimi sikuona utani.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi yenyewe ni ya ajabu. Kwenye ghala la zamani la shule wamejenga mwitu mzima juu ya meza: miti ya vijiti, majani ya kitambaa, kichuguu cha udongo. Aiuba anamsogeza Sungura mguu, kidogo tu, anajitoa, dona Vânia anapiga picha. Anamsogeza tena. Picha tena. Kutwa nzima Sungura hajaufikia muhogo! Picha zikipangwa, eti mnyama anatembea mwenyewe.

Kwa hiyo amri ni moja. Asiyetumwa asiguse meza, hata akimwona mnyama kaanguka. Dona Vânia aliitoa amri hiyo huku akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Nguruwe wangu kawekwa nyuma ya kichaka. Inaonekana pua tu. Anayepanga wanyama ni Aiuba.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo Aiuba kaniita nje. Kanipa chai yenye sukari nyingi. Niliionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Akasema Zuleica alimfuata jana akamwomba, karibu alie.

"Shemeji, chukua Sungura," akasema. "Mimi nitakuwa nguruwe. Dona Vânia nimeshamwambia, hana neno."

Nikamkazia macho. Hakupepesa. Mtu mwenye nia safi ukimkazia macho hupepesa! Kitu ninachokihangaikia tangu Jumatatu analetewa mtu kwenye kikombe cha chai? Lazima Sungura ana balaa. Pengine anakufa sehemu ya pili. Pengine anaimba. Nikamwambia ahsante, nabaki na nguruwe wangu. Akasema ni kama nipendavyo, akarudi ndani ameinamisha kichwa. Anajua kuigiza, hilo simnyimi.

Mtego nimeukwepa. Sungura nitampata kwa njia yangu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya kazi! Wenzangu wote walikwenda msikitini. Dona Vânia akaenda kula. Mimi nikasema tumbo linanikata, nitabaki kulinda vifaa. Mungu anaujua udhuru wangu.

Hesabu ilikuwa hii. Nikiharibu mpangilio, dona Vânia atakaporudi atasema Aiuba ni mzembe. Atamnyang'anya Sungura. Atatafuta mtu makini.

Nilifunga mlango. Nikachungulia chini ya meza, nyuma ya pazia, ndani ya pipa. Hapana mtu. Palikuwa na kamera tu, imesimama kwa miguu yake mitatu, taa yake ndogo nyekundu ikimeta. Sikuhangaika nayo. Kamera haina ndugu hapa Palma.

Nikamshika Sungura masikio, nikamgeuza akatazama mti kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikajitoa, nikatazama. Bado. Nikamgeuza tena. Nguruwe nikamtoa kichakani, nikamkalisha kwenye kigoda cha Sungura, mbele ya muhogo. Alipendeza.

Waliporudi, dona Vânia alitazama meza. Akatazama kwenye kamera. Akatazama muda mrefu, kaziba mdomo kwa mkono. Akauliza nani alikuwa humu. Nikasema aliingia mbuzi. Akarudia polepole, mbuzi. Aiuba hakukaripiwa hata kidogo! Akaanza kuwapanga wanyama upya, anapiga mluzi. Hawa wawili wana lao.

Jumanne, 12 Agosti

Dona Vânia hajauliza tena habari ya mbuzi. Akiniona anacheka peke yake. Leo kanipa machungwa. Moja nimempa mbuzi wa jirani kwanza, nikasubiri. Mbuzi mzima. Nimekula yaliyobaki, ila kwa wasiwasi.

Nimekoroma kutwa mbele ya kinasa sauti. Zuleica kaniuliza kama Sungura anaendelea vizuri. Nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo wameonyesha sehemu ya kwanza, darasani, kanga zimefunika madirisha. Watoto kwenye madawati, wazazi nyuma. Zuleica kakaa mbele kabisa, kavaa gauni la Idi.

Sungura akatokea. Akasalimia. Sauti ya Aiuba! Darasa zima likamgeukia binti yangu. Mtoto mmoja akasema huyo si baba yako, huyo ni mjomba wako. Zuleica akainamisha uso kwenye magoti. Nilitaka kutoka, lakini mama mkwe alikuwa kakaa mlangoni.

Kisha ikaja picha ya siku inavyopita mwituni. Jua linaingia upande huu, vivuli vya miti vinakimbia upande ule. Dona Vânia akaeleza kwamba siku ile ya Ijumaa aliitegesha kamera ijipigie picha yenyewe muda wote wa swala, apate mwendo wa jua.

Nikautazama tena mlango, mama mkwe bado yupo.

Na kweli, kutoka juu ukashuka mkono. Mkubwa kama paa la nyumba! Kidole kidogo kimepinda, hiki hiki nilichovunja nilipoanguka na megafone, na mji mzima unakijua. Mkono ukamkamata Sungura masikio, ukamgeuza kwenye mti. Ukaondoka. Ukarudi, ukamgeuza tena. Ukamkalisha nguruwe kwenye kigoda. Ukampapasa kichwa! Hilo sikumbuki kulifanya.

Watoto walicheka mpaka madawati yakaanguka. Wakataka warudishiwe. Wakarudishiwa. Wakataka tena. Zuleica akapanda juu ya dawati, akasema bila kelele, kwa maringo: "Ule mkono ni wa baba yangu."

Njiani Zuleica alinieleza kwamba professora alimwambia asiseme uongo tena. Jumatatu atamsahihishia: baba si Sungura, ni Mkono. Aliushika mkono wenyewe mpaka nyumbani. Aiuba alifuata nyuma kambebea mama mkwe kiti, na habari ya mbuzi hakuigusa. Nimeona haya. Kweli kabisa, nimeona haya. Mtu alinipa Sungura kwa ajili ya mtoto wangu, nami nikamfanyia vile! Kesho nakwenda kumwomba radhi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoka mapema kwenda kwa Aiuba, maneno ya radhi nimeyapanga vizuri. Njiani nikakutana na dona Vânia. Akasema watoto wanautaka Mkono katika kila sehemu, niende kesho tuzungumze. Nikafurahi! Hatimaye mtu kaona kipaji.

Nikafika kwa Aiuba. Kakaa kizingitini, anapaka mikono mafuta ya nazi. Mikono miwili, taratibu, kidole kwa kidole. Nikamuuliza ya nini. Akasema gundi ya kazini imempasua ngozi.

Gundi!

Nikakaa, nikanywa chai yake, radhi nikarudi nayo nyumbani. Maana kile kidole chake kidogo nilikitazama sana, na naapa ameanza kukipinda.