Majalala Yangu Yaliyozama Ziwani

Jumatatu, 4 Machi
Mwaka wa kwanza wa mazingira na ramani, na tayari wananiudhi. Mwalimu wa ramani kagawa vifaa vya GPS. Tuzunguke mtaa, tusimame kwenye kila jalala, tuchukue namba za mahali lilipo. Kwa miguu! Na mwanangu Kidonge mgongoni, jino linamtoka, maskini. Mama mkwe kasema waziwazi: nikifeli zoezi hili chuo basi, nikae nyumbani nilee mwenyewe, yeye hakuzaliwa kuwa yaya. Kwa hiyo lazima nifaulu. Kutembea si lazima.

Jumanne, 5 Machi
Dawa nimepata. Darasani yupo kijana tunamwita Dira, anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Kofia ya mtafiti mpaka msalani! Kaacha namba zake mezani, nimenakili zote. Mjinga si mimi: kila namba nimeongeza moja, zisifanane. Moja tu! Nani ataiona? Nikawahi nyumbani, Kidonge kalala kifuani kwangu. Wenye akili hatutoki jasho.

Jumatano, 6 Machi
Aibu! Mwalimu katandaza alama zetu ukutani kwa projekta. Za wenzangu zimejazana mtaani kama nzi. Zangu ziko katikati ya ziwa. Kumbe ile moja niliyoongeza ni nyuzi, na nyuzi moja kwenye ramani ni zaidi ya kilomita mia! Si wangesema? Mwalimu kauliza nilifikaje huko. Nikajibu mvua ilikuwa kubwa. Dira naye, mbele za watu, eti Mama Kidonge atuambie kama samaki nao wanatupa taka. Kacheka hadi kofia ikadondoka. Adabu hakufunzwa.
Nirudie kufikia Ijumaa. Na mara hii kifaa kichore njia yote nitakayopita.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Dira zimeota chini ya kofia. Mzoa taka wa mtaani si anapeleka taka majalalani kila siku? Nimefunga kifaa kwenye mkokoteni wake. Kauliza ni nini. Nikamwambia kinapima joto. Akasema basi kitaungua, akaondoka akipiga mluzi. Mimi na Kidonge tumelala mchana kutwa.

Ijumaa, 8 Machi
Njia yangu imetokea ukutani. Haikugusa jalala hata moja! Imekata uchochoroni, ikaenda mtoni nyuma ya hospitali, ikarudi, ikaenda palepale tena. Mara mwalimu kapiga meza: hodari! Nimegundua mahali taka zinazojaa mtoni zinapomwagwa kwa siri! Dira kakunja uso kama kalamba chokaa.
Jumatatu niongoze darasa zima kwenye njia hiyo, pamoja na bwana afya, ambaye anamtafuta huyo mmwagaji kwa udi na uvumba. Nikifika salama, nimefaulu.

Jumapili, 10 Machi
Tatizo dogo: njia yangu siijui. Huyo mmwagaji pia simjui, wala hanihusu. Lakini mipango imekamilika. Nimeongea na mzoa taka: kesho atangulie polepole, kama hatujuani, mimi nifuate na kundi langu. Mama mkwe ajiandae kulea, Dira ajiandae kulia.
Mzoa taka kafurahi wasomi kuja kuona kazi yake. Nimemsihi mkokoteni uwe umejaa pomoni, ili asitupotee machoni. Na nikimpungia mkono, amwage kama siku zote, bwana afya aone vizuri.