Chensoo Isiyotakiwa Kuwaka

Jumanne, 8 Julai

Balaa limeingia kwa bodaboda. Baba mkwe, Mzee Maige, katoka kijijini njia ya Bulyanhulu bila kupiga simu. Kapakata kitu kimefungwa kwenye khanga. Nikadhani mbuzi. Chensoo! Msumeno wa mnyororo wa zamani kabisa, mzito kama jiwe la kusagia, ule uliopasua mbao za paa la kanisa lao kabla mimi sijazaliwa. Haujanguruma miaka mingi.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku akisoma kibao changu: MASALU FUNDI CHENSOO AINA ZOTE. Akauliza kama aina zote ni pamoja na hii. Nikasema hii hasa ndiyo niliyosomea. Sikusomea kitu. Nikaahidi kuiwasha wiki hii hii.

Baada ya chai ndipo akasema kazi yake. Nyuma ya nyumba yake kuna gogo la mninga, limekaa likikauka tangu marehemu mama mkwe yu hai. Anataka alipasue kwa mkono wake mwenyewe, macho yakiwa bado yanaona. Apate mbao za sanduku lake. Sanduku! Lile la kuzikiwa! Alilisema kama mtu anayeagiza kabati.

Mke wangu Bernadina akaweka sufuria chini, akatoka nje. Nikamfuata. Analia. Akasema mzee akishapata mbao hatakaa tena duniani, watu wa namna yake hawapendi kitu kilale bure. Akanishika shati. Chensoo ile isiwake.

Nikaapa haitawaka. Nikarudi ndani, mzee akaniambia nikishindwa nisione aibu, atavuka barabara aipeleke kwa Scolastika.

Kwa Scolastika! Sijala usiku huu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeifungua nikiomba kwa moyo wote nikute imeoza. Ikiwaka, nimemuua baba mkwe. Isipowaka, nimemtajirisha Scolastika. Huyu, Mama Blessing, ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, naye fundi chensoo. Wachimbaji wa Rwamgasa wanaokata magogo ya kuegemeza mashimo yao wanamtumia mashine zao kwa basi, zinapita mbele ya mlango wangu zikienda kwake. Anaringa! Anafanya kazi amevaa hereni.

Ndani ya chensoo nimekuta kiota cha panya. Nikafurahi. Nikakitoa. Chini yake pistoni inateleza kama imewekwa jana. Ringi nzima. Kabureta chafu tu. Mungu wangu, mzee aliitunza!

Kisha nikavuta kamba na kuangalia plagi. Hakuna cheche. Koili imekufa! Nikaimba. Nikampigia mzee kwa sauti ya msiba, nikamwambia koili ya mashine hii hata kiwandani walishaisahau. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamhurumia kidogo.

Nikageuka. Scolastika amesimama mlangoni, kaja kuazima bisibisi. Akasema kwa sauti ya mnadani kwamba koili kama hizo zipo Shinyanga, kwenye ghala la Mama Rushabh, na wewe Baba Loveness kama hujui si uulize? Simu ilikuwa bado hewani. Mzee kasikia yote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda Shinyanga kwa basi la kwanza. Mpango wangu: niiwahi koili kabla Scolastika hajaagiza, niinunue, niifiche, niseme sikuikuta. Safi.

Duka la Mama Rushabh ni la siku nyingi. Mbele kuna kijana wake, Rushabh, na kompyuta. Akatafuta, akasema hakuna kitu kama hicho. Nikamshukuru kwa furaha iliyomshangaza. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mama mwenyewe, Taramati, mwanamke mzee mwenye miwani minene, akaniita nirudi. Akapanda ngazi ya ghala polepole, mimi chini nikiomba asiione, halafu nikiomba asianguke. Akashuka na boksi dogo. Ndani, koili, bado imefungwa kwenye karatasi yake ya grisi.

Akauliza ni ya nani. Mimi mpumbavu nikasema ya Mzee Maige.

Akaketi. Kumbe Maige ndiye aliyewapasulia mbao za kaunta ileile niliyokuwa nimeiegemea! Akaipapasa. Akasema ile mashine ilikuwa ikinguruma uani wakati Rushabh anajifunza kutembea, na mtoto alikuwa anaikimbilia badala ya kuikimbia. Akakataa kuchukua hata shilingi. Zawadi. Kisha, kabla sijapata akili, akamwambia Rushabh ampigie mzee. Wakaongea. Wakacheka. Mama akajifuta macho kwa ncha ya sari. Nikapewa simu. Mzee akashukuru, "Wabeja, mwanangu. Sikujua unanipenda hivi."

Nimerudi Kahama na koili mfukoni. Kama ingekuwa nyoka ningelala vizuri zaidi.

Jumamosi, 12 Julai

Bernadina hajaniuliza niliendea nini Shinyanga. Ameninusa tu. Nikamwambia asihofu, nina mpango wa kitaalamu.

Mpango ni huu. Koili inakaa karibu na gurudumu la sumaku. Nafasi katikati yake ni nyembamba kama kadi. Ukiipanua kidogo, cheche hairuki. Mtu wa nje haoni kitu. Nikaifunga koili mbali, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena mbele ya mashahidi, muuza chipsi na wateja wake. Kimya kizuri! Nikatikisa kichwa, nikasema tumefanya tulichoweza, mengine ni ya Mungu.

Scolastika akavuka barabara. Sikumwita. Akasema, "Pisha, Baba Loveness."

Nikasema kuna hatari. Akasema hatari ni mimi. Akachomeka kipande cha kadi ya vocha katikati, akalegeza, akakaza, akachomoa kadi. Akaweka mguu juu ya mpini. Akavuta.

Iliunguruma! Sauti ile si ya chensoo za siku hizi zinazolia kama mbu. Ilikuwa nzito, inatoka chini ya ardhi. Kuku wa mtaa mzima wakakimbia. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi! Mikono yangu yenyewe! Muuza chipsi akauliza nani kaitengeneza, nikajikuta nasema ni mimi, Mama Blessing nilimwachia amalizie tu.

Nikageuka. Bernadina yuko dirishani.

Leo nimekula ugali bila mboga. Mboga ilikuwepo.

Jumatatu, 14 Julai

Mzee kasema Jumatano tumpelekee mashine, tukae naye akipasua. Na Scolastika aje, kwa sababu kasikia ana mkono mzuri. Kasikia kutoka kwa nani? Mji huu hauna siri.

Mpango mpya, rahisi, hauna utaalamu ndani yake: chensoo bila mnyororo ni jenereta isiyotoa umeme. Nikauvua mnyororo wake. Wa zamani, meno mapana, hauuzwi popote mjini. Nikatafuta pa kuuficha. Chini ya kitanda Bernadina anafagia. Juu ya dari kuna popo. Nikauzamisha katikati ya gunia la mahindi, nikaenda zangu kunywa soda kwa amani.

Nimerudi, gunia halipo. Bernadina kaenda mashineni kusaga.

Nilikimbia. Mwanaume mzima, na ndala moja. Nikafika mwenye mashine amelala kifudifudi juu ya mdomo wa mashine, anavuta kitu. Mnyororo ulikuwa umenasa kwenye wavu, haukuzama, Mungu mkubwa. Foleni yote ya akina mama ikaniangalia. Mwenye mashine akauliza kwa upole unaotisha kama nataka kumfilisi. Nikasema nilikuwa naukausha. Hata mimi niliona jibu halikukaa.

Bernadina alitangulia mbele yangu mpaka nyumbani. Kisha akakaa kitini na kuanza kutetemeka mabega. Nikajua analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kweli. Akasema baba yake ndiye mtu pekee anayemwita mayu, mama, kwa sababu amerithi jina la bibi yake. Akiondoka, nani atamwita hivyo?

Sikuwa na mpango wa hilo. Nikamshika mkono tu.

Jumatano, 16 Julai

Naandika nikiwa kijijini kwa mzee. Kalamu ya mkopo.

Tumefika asubuhi, baridi na vumbi. Scolastika na hereni zake. Bernadina kafunga kitambaa cheusi kabisa, kana kwamba tumekuja matangani. Mzee katupokea amevaa suruali ya kazi iliyopigwa pasi.

Gogo kubwa kuliko nilivyofikiri. Mzee akalipiga mistari kwa uzi uliochovywa kwenye masizi, akaunyanyua, akauachia, pa! Mstari umenyooka. Nikajitolea nikate mimi, ili niharibu. Akakataa. Nikasema moshi utamdhuru. Akasema mimi ndiye nimekaa upande wa moshi, nisogee.

Akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena. Nilitakiwa kufurahi. Sikuweza. Nilimwona amekunja midomo kama mtoto anayejizuia, nikajikuta namwambia achomoe choki kidogo, avute kwa kiuno, asitumie bega. Nani kanituma?

Ikawaka. Mgongo wake ukanyooka. Ukamwona kijana aliyekuwa ndani ya yule mzee, yupo, hajaenda popote. Unga mwekundu wa mninga ukaruka, harufu ikajaa ua. Na mzee akaimba. Hatukumsikia kwa kelele, tuliona mdomo tu. Bernadina akaacha kulia. Akavua kile kitambaa cheusi, akakitumia kumfuta baba yake vumbi usoni.

Mbao zilipopangwa ukutani nikazipima kwa macho. Ndefu mno. Pana mno. Mzee mwenyewe ni mfupi kuliko mimi. Nikamwambia Scolastika kwa sauti ya chini kwamba hesabu imekosewa. Yeye akamuuliza mzee moja kwa moja, hana adabu yule.

Mzee akaweka mashine chini. Akasema ni za kitanda.

Bernadina akauliza kitanda cha nani.

"Cha watu wawili," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana haya. Ni Euphrasia, mjane anayeimba kwaya. Ndoa inakuja.

Nikauliza na sanduku je! Akasema angesema kitanda, wanawe wote wangemiminika, huyu anataka mlango, yule dirisha, na dada zake Bernadina wangeitisha kikao. Lakini mbao za sanduku la mzee haziombwi na mtu.

Bernadina akasema yote yaliyokuwa moyoni. Kalia wiki nzima! Mzee akainama, akapokea, akamwita mayu mara nyingi mpaka hasira za binti zikaisha.

Baadaye akanijia mimi peke yangu nikifunga vifaa. Nikajiandaa. Koili, nafasi, mnyororo, alikuwa anajua vyote, mwenye mashine ya kusaga ni binamu yake. Akasema, "Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuhangaika hivi ili mimi nisife. Kwa akili ndogo, lakini kwa bidii."

Nimepangusa macho. Unga wa mninga ni mkali sana.

Jumapili, 20 Julai

Misa kijijini. Ndoa imetangazwa. Vigelegele. Bernadina kapiga kimoja, kifupi, lakini kapiga.

Nimejiahidi kuanzia leo ni ukweli mtupu. Kazi nisiyoiweza nitasema siiwezi. Nilikuwa nimetulia kabisa moyoni, nimepiga magoti.

Baada ya misa padri akauliza mbele ya watu ni fundi gani aliyeifufua mashine ya Mzee Maige. Scolastika akafungua mdomo. Nikawahi kusimama.

Padri akafurahi sana. Akanipeleka nyuma ya sakristia, akafunua shuka. Kinanda cha kukanyaga kwa miguu, cha mbao, kimetafunwa na mchwa, hakijatoa sauti tangu enzi za mapadri wazungu. Akauliza kama nakiweza kabla ya harusi. Scolastika alikuwa mlangoni anasikiliza, anatabasamu. Nikasema vinanda ndivyo hasa nilivyosomea.

Nimeshafungua skrubu zote. Kuna mifuko ya ngozi ndani, na vijiti vingi mno, na kitu kinachopumua. Sasa naanza kufikiri.